Kifaranga Chini ya Pedali

Umma unatangaziwa, kwa masikitiko yanayolingana na kimo cha mhusika, kwamba asubuhi ya Jumanne kiumbe mmoja mwenye umri usiozidi nusu siku na uzito wa bahasha tupu, asiye na cheo wala kitambulisho, alivunjika mguu akiwa katika ziara yake ya kwanza duniani. Ziara hiyo ilimfikisha chini ya cherehani ya shangazi yangu. Hakuna kiongozi aliyetuma salamu za pole.

Kiumbe mwenyewe ni kifaranga. Shangazi ni fundi, mshonaji wa sare za shule kwa miaka ishirini na mitatu, na ni mwanamke ambaye hajawahi kukosea. Ukimwambia suruali inabana, atakwambia umenenepa. Ukimwambia inapwaya, atakuuliza unaumwa nini. Neno "samahani" analifahamu vizuri, kwa sababu wateja humwambia.

Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, mlango mmoja, meza ya kukatia, na chini ya meza sanduku la vipande vya vitambaa. Kuku wake, ambaye kwa maringo yake anaitwa Bi Mkubwa, alilikataa banda akaenda kuatamia mayai tisa ndani ya sanduku hilo, juu ya mabaki ya sare za shule sita tofauti. Vifaranga wanane walitoka wakatulia chini ya mbawa kama watoto waliolelewa wakaleleka. Wa tisa akaona dunia ndiyo hii, akatoka kutembea. Shangazi alikuwa katikati ya pindo la sketi, mguu juu ya pedali, kasi imeshapanda. Kukasikika mlio mwembamba, mara moja tu.

Wahenga walisema teke la kuku haliumizi vifaranga. Kuhusu teke la fundi cherehani hawakuacha maagizo.

Mimi nilikuwa pembeni napiga pasi kola. Shangazi aliniangalia mara moja, nikaelewa kwamba sikuona kitu. Mtaa mzima ukaambiwa kuku ndiye aliyemkanyaga mwanawe.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza mkaa wa mlango wa pili, ambaye huitwa Kamati kwa kuwa hakuna jambo asilolikalia kikao.

"Huyo jioni haioni," alisema, ameinama na mikono mgongoni. "Mpe paka, dada, upate thawabu."

"Paka gani?"

"Paka yeyote."

"Mkaa wako umeuza?"

"Bado."

"Basi kauuze."

Shangazi alijaribu kumrudisha kifaranga kwa mama yake. Bi Mkubwa akamdonoa kichwani mara mbili, na ya tatu ilikuwa ya nguvu.

"Umeona?" Kamati alisema, bila kuondoka. "Mzazi mwenyewe ameshapitisha azimio."

Hapo ndipo fundi alipofanya kazi ndogo kuliko zote alizowahi kufanya. Utepe wa kupimia ulikuwa mnene kuliko mguu wa mgonjwa, ikabidi apime kwa uzi. Akapasua mrija wa soda kwa urefu, akaukata usizidi nusu ya kijiti cha kiberiti, ndani akaweka pamba, juu akashona soksi ya kitambaa cheupe cha kola, mishono saba midogo ambayo ukiitafuta huioni.

"Haibani, haipwayi," akasema, akaonekana kuudhika kidogo kwamba mteja hakushukuru.

Mgonjwa akalazwa dirishani ndani ya boksi la viatu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Maji alinyweshwa kwa ncha ya kidole, tone kwa tone. Shangazi alichotaka kilikuwa kimoja: kifaranga yule atembee, arudi kwa mama yake kabla mama na wenzake hawajazoea kwamba hayupo. Hakukitamka. Ila mtu aliyekuwa anashona sketi tano bila kuinua kichwa, sasa kila baada ya pindo moja alisimamisha cherehani, akaenda dirishani, akarudi, akadai anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa shingoni mwake.

Ijumaa kifaranga aliacha kula. Vidole vya mguu uliofungwa vilikuwa vimevimba na kugeuka rangi ya wino. Shangazi alibadilisha pamba ya kulalia, akabadilisha maji, akabadilisha hata upande wa dirisha. Soksi hakuigusa. Soksi ilikuwa kazi yake, na kazi yake haina kasoro.

Jumamosi akaingia mama wa mwanafunzi mmoja, shati mkononi.

"Fundi, mikono hii imemmeza mtoto. Darasani wanamuuliza vidole ameviacha wapi."

"Mama, mtoto anakua," Shangazi alijibu bila kumtazama, maneno aliyoyasema mara elfu. "Nimemwachia akiba. Wewe unataka nimshonee mtoto au niishonee picha yake? Mtoto ukimpima leo ukamshonea ya leo, kesho umemfunga kam..."

Mguu ukaondoka kwenye pedali. Cherehani nayo ikanyamaza.

"Kama nini?" mama akauliza.

Shangazi aliinuka, akaenda dirishani. Kifaranga alikuwa ameshampita yule wa Jumanne. Soksi ilikuwa ileile ya Jumanne. Miaka ishirini na mitatu amewaachia akiba watoto wa mji mzima, wengine wamemaliza shule wameoa na shati bado linawasubiri wakue; halafu mteja mmoja anayeota kama uyoga akamshonea ya kubana!

Akachukua wembe wa kufumulia. Mkono aliuegemeza kwanza kwenye fremu ya dirisha, kisha akakata mishono saba, mmoja mmoja, akishusha pumzi kila mmoja ulipoachia. Soksi ilipodondoka, mguu ulikuwa na alama ya duara kama ya pete.

"Samahani," Shangazi akasema.

"Hamna shida, fundi," mama akajibu, "lakini mikono ya shati je?"

Mlangoni, Kamati, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alivua kofia.

"Na mimi ndiye niliyemvunja," Shangazi akaendelea, akiwa amewapa mgongo. "Pedali. Kuku hana kosa."

"Tulijua, dada," Kamati akasema kwa upole usio wake. "Ila kila mtu aliogopa suruali yake isije ikashonwa vibaya."

Soksi ya pili haikushonwa. Ilifungwa juu ya mrija kwa utepe mwembamba wa kitambaa, fundo la kufungua, na kila asubuhi kabla ya kazi ililegezwa kidogo. Jumapili vidole vilianza kurudia rangi yake. Jumatatu mgonjwa alidonoa unga wa mahindi uliosagwa mara mbili, akaudonoa na utepe. Shangazi akamhamishia chini ya tenga, ubavuni mwa sanduku, ili yeye na mama yake waonane kwa nafasi za fito bila kugombana. Bi Mkubwa alimtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa la pili, akaenda zake. Kesho yake alilala karibu na tenga.

Ijumaa ya wiki ya pili mrija ukatolewa na tenga likainuliwa. Mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura, lakini huyu alisimama katikati ya sakafu kama aliyesahau alichotumwa. Bi Mkubwa akaja, akamdonoa mara moja, taratibu. Tukabana pumzi, Kamati akiwamo. Kisha kuku akageuka, akatoka uani akiita watoto. Wanane wakamfuata. Wa tisa akapiga hatua mbili na kijirukio, hatua mbili na kijirukio, akapenya katikati ya wenzake, akatoweka chini ya mbawa.

"Nilisema mimi," Kamati alisema, akafuta macho kwa mkono wenye mkaa.

Nikaona huu ndio wakati wenyewe. Nikasimama wima mlangoni, nikashusha sauti kama inavyofaa kwenye mambo mazito.

"Shangazi, ukimwona amerudi kwa mama yake, anatembea kwa mguu uliouponya kwa mikono yako, moyoni unajisikiaje?"

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa.

"Sioni," akasema. "Toka mlangoni, unanizibia mwanga."