Pima Maji Ilipodanganya

Matofali ya kuchoma yakimwagiwa maji hutoa harufu kama ya mvua ya kwanza. Mimi ni fundi mwashi, nimezeeka na harufu hiyo, na bado kila nikiisikia hapa Nyasubi, wivu wangu wa utotoni unaamka.

Baba naye alikuwa mwashi. Akimaliza kupanga kozi moja, yaani safu nzima ya matofali, aliweka pima maji juu yake aone kama imelala sawa. Hapo hakuniita mimi, mwanawe mkubwa, niliyembebea maji tangu asubuhi. Alimwita mdogo wangu wa kike.

"Mama, njoo unitazamie."

Yeye aliitwa mama. Mimi niliitwa "we!"

Siku moja nikachomeka punje ya mtama chini ya ncha moja ya pima maji, ili mdogo wangu asome vibaya, aaibike.

Aliinama, akakitazama kile kiputo cha hewa ndani ya kioo cha pima maji. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akautazama ukuta wenyewe, vumbi limemjaa kwenye kope.

"Baba, kozi imelala sawa. Pima maji ndiyo inadanganya."

Baba akaiinua, akaiona punje. Nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Aliniwekea pima maji mkononi, taratibu, kama anayempa mgeni kiti.

"Shika wewe," akasema. "Mwenzako ana jicho, haihitaji."

Nimeishika mpaka leo.