Miti Yakatwa Ili Taa za Sola Zipate Jua

Kumepambazuka. Kwenye barabara inayopita mbele ya kliniki ya mama na mtoto, mwanamke wa makamo mwenye koti la manjano la manispaa anashusha ndoo ya maji kutoka kwenye toroli, anainama, na kumwagilia kisiki.

Anamwaga taratibu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama alivyokuwa akifanya mti ulipokuwa mti. Msimamizi wake, kijana aliyekuja na pikipiki, anazima injini na kumtazama.

"Shikamoo mama. Unamwagilia nini hapo?"

"Marahaba. Mti."

"Mti uko wapi?"

"Hilo waulize waliokutuma na msumeno wiki iliyopita, mwanangu. Mimi nimeletwa hapa kumwagilia, namwagilia."

Kijana anakuna kichwa, anacheka kicheko cha aibu, anawasha pikipiki na kwenda zake.

Barabara nzima humwita Mama Ndoo. Jina hilo alipewa na mafundi viatu wa pale kona, mwaka ule gari la maji lilipoharibika naye akaamua kuchota bombani kwa ndoo kuliko kuiacha miche ife. Gari halijatengenezwa mpaka leo. Ni kibarua wa manispaa kwa mwaka wa tisa sasa, hana mkataba wala bima, na siku asiyokuja hailipwi.

"Hii miti nimeipanda kwa mikono yangu, ikiwa inanifika magotini," anasema. "Wajukuu zangu wananiambia, bibi, unaongea na miti kuliko sisi. Nawajibu, miti hainijibu vibaya."

Miche hiyo ililetwa na mradi. Bango lililosimikwa hapo lilitangaza kwamba mji unakuwa wa kijani: barabara zenye kivuli, majengo yenye ubaridi, matumizi madogo ya umeme. Angalau safari hii bango halikudanganya. Miti ilikua. Kina mama waliokuwa wakingoja zamu kwenye ukumbi wa bati wakahamia nje, na muuguzi mkuu akaanza kuzima feni mchana.

Kisha ukaja mradi wa pili, wa ofisi nyingine, nao wa kijani vilevile. Huu ulikuwa wa taa za barabarani za sola. Wataalamu walikuja kupima jua, na walikuja wiki ileile ambayo Mama Ndoo na wenzake walikuwa wamemaliza kupogoa miti. Kazi hiyo hufanyika mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, na mti huachiwa shina na matawi machache tu.

Jua likapimwa, likaonekana tele. Nguzo zikasimikwa katikati ya mti na mti.

"Mimi mwenyewe niliwashikia futi," anasema Mama Ndoo. "Wala sikuwaza. Niliona watu wamevaa kofia ngumu, nikasema hawa wanajua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, jamani, hii miti ikichipua itakuwaje?"

Mvua zilinyesha, miti ikachipua, kama ilivyo kawaida ya miti. Paneli zikaingia kivulini. Taa zikawa zinawaka kidogo baada ya magharibi, kisha zinazima.

Mtu mwenye akili zake angetegemea nguzo zihamishiwe ng'ambo ya barabara, ambako hakuna mti hata wa dawa. Haikuwa hivyo. Amri iliyotoka ni kukata miti.

Mwandishi alipomuuliza ofisa wa mradi wa taa kwa nini, alijibu bila kusita. "Kuhamisha nguzo kunahitaji kibali, tathmini na mkandarasi. Mti hauna utaratibu huo."

Msomaji alisome tena jibu hilo, polepole. Chuma kilichosimikwa juzi kina utaratibu wa kukilinda. Mti uliokuzwa kwa ndoo miaka yote hii, unaowafunika wajawazito na vichanga, hauna. Inatia hasira, na hakuna sababu ya kuificha.

Wiki iliyopita miti yote kuanzia langoni mwa kliniki hadi kwenye maabara yake iliangushwa asubuhi moja. Mama Ndoo aliamriwa aburute matawi kupeleka kwenye lori. Aligoma, na malipo ya siku hiyo hakuyaona.

"Tawi nililofunga kamba mwenyewe liinuke lisimpige mtu usoni, leo nilivute kama mzoga? Nikamwambia msimamizi, kata hela yako, baba, ila mimi sivuti."

Ndani ya kliniki, ukumbi umefurika. Bati linatema joto. Mama mmoja anampepea mwanawe kwa kadi ya chanjo, na mwingine amevua viatu ili miguu iguse saruji. Muuguzi mkuu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, leo anayo mengi.

"Feni zote zinazunguka tangu tufungue, na zinachozungusha ni joto. Taa tumepata za bure usiku, saa ambazo sisi tumefunga. Mchana tunalipia feni. Huo ndio uokoaji wa umeme?"

Juzi mjamzito alizirai kwenye foleni. Amepata nafuu, lakini muuguzi alipopiga simu manispaa kueleza, aliambiwa aombe feni nyingine.

Sasa imebaki miti ya kuanzia maabara hadi kona. Imepakwa alama nyekundu, na itakatwa Alhamisi. Mama Ndoo ameomba ruhusa siku hiyo, bila malipo.

"Nikiwa na hili koti nikafungua mdomo, naambiwa kibarua mkaidi, kesho sina kazi," anaeleza. "Alhamisi nitavaa nguo zangu. Nitakuwa bibi aliyemleta mjukuu kliniki. Nani atamfukuza bibi?"

Mjukuu anaumwa?

"Ana afya kuliko mimi na wewe. Ni siku ya kupima uzito."

Muuguzi mkuu anathibitisha, uso mkavu kabisa. Ukumbini hapapimiki mtoto kwa joto hili, kwa hiyo mizani itatolewa nje. Ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoana juu na kitambaa cha kumwekea mtoto chini, na inahitaji tawi imara. Tawi amekwisha kulichagua, kwenye mti wa kwanza wenye alama nyekundu. Kina mama wote wameambiwa wawahi.

Mama Ndoo amewapitia pia mafundi viatu, na wamekubali kuhamishia mabenchi yao chini ya miti mingine. Hajui kama manispaa itarudi nyuma. Anajua tu kwamba watoto wa eneo hili ni wengi, na kila mmoja atapimwa polepole, bila haraka, mpaka jioni.

"Waje tu na msumeno wao," anasema. "Watukute hapo. Wakiutaka mti, foleni inaanzia kule nyuma."