Joto la Sindano

Fundi cherehani alijipima kifua, akapata inchi arobaini na moja. Akadhani futi imeteleza, akapima tena. Miaka thelathini alikuwa mtu wa thelathini na nane, na kupima vifua vya watu ndiyo kazi yake.

Ilikuwa sindano. Alikuwa na saratani ya tezi dume, na kila miezi mitatu alichomwa dawa ya kuzima homoni za kiume. Saratani ilinyamaza. Lakini matiti yalijaa na chuchu zikamuuma, mikono ikachoka hata kushika mkasi, na mara kadhaa kwa siku moto ulimpanda kutoka tumboni hadi utosini, akalowa chapachapa. Mambo ya kitandani yalikwisha. Hilo halikumsumbua sana. Mkewe alifariki mwaka jana.

Siku ya sindano ya nne hakwenda. Alikuwa ameamua kuacha bila kumwambia mtu, ugonjwa ufanye utakavyo. Alikaa dukani, koti limefungwa vifungo vyote, akishona mfuko wa suruali.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaingia na kitambaa cha gauni.

"Koti la nini na jua hili, shemeji? Unaoa?"

"Nani atanitaka?"

"Kweli. Labda asiyeona."

Moto ukampanda papo hapo, jasho likadondokea suruali ya mteja. Shemeji akaacha utani.

"Hilo joto nalijua. Sisi wanawake hutujia na umri. Wewe limekujaje?"

Akamwambia, kwa maneno machache, bila kuinua macho.

"Dada lilimtesa miaka minne," alisema shemeji.

"Mimi nilidhani anatupa shuka makusudi. Nilimgombeza."

"Najua. Akawa anakwenda kukaa sebuleni, ili wewe ulale."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliniambia mimi. Wewe ulimwambia nani?"

Fundi alimaliza mshono, akakata uzi, akafunika cherehani.

Hospitalini alimweleza nesi yote: joto, kifua, mikono, hata ya kitandani. Nesi akaandika.

"Dawa za kupunguza joto zipo, babu. Kifua daktari atakiangalia. Mengine itabidi uyazoee. Sasa miezi tisa yote ulinyamazia nini?"

"Sikujua kama yanasemwa," alisema fundi, akateremsha suruali upande mmoja, akachomwa.