Kibao cha Duka la Maziwa

Ni mimi niliyemshauri shangazi atundike kibao. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza maziwa ya kuganda uani kwake, hapa Bunia, na wateja walimjua bila maandishi yoyote. Mimi, mwalimu na mtu wa vitabu, nikamhakikishia kwamba biashara inayojitokeza hadharani hulindwa na sheria. Akakodi chumba kando ya barabara, akanunua friji, akaajiri wasichana wawili wa jirani. Kibao nilikiandika kwa mkono wangu.

Juma halikuisha. Ofisa wa kwanza alitoza kodi ya kibao chenyewe. Wa pili alidai ya usafi, wa tatu ya mazingira; nami, ingawa nilisoma kila karatasi mara mbili, sikuweza kutambua usafi unaishia wapi na mazingira yanaanzia wapi ndani ya chumba kimoja cha maziwa. Wa nne, wa idara nyingine, alidai kile kile alichokwisha kuchukua wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kama shangazi amepata faida. Serikali yetu hutoza kuonekana. Anayejificha anapona.

Shangazi akamkabili huyo wa nne:

"Baba, hii ng'ombe mulilishaka siku gani? Siye tunawaonaka tu saa ya kukamua!"

Wateja wakacheka. Ofisa hakucheka.

"Mama, weye iko na mudomo. Unalipa leo ao tunafunga."

"Kwitansi iko hapa," shangazi akamwonyesha risiti ya yule wa kwanza. "Nilisha kulipa."

"Hiyo ni ya servisi ingine."

Nikaingilia, nikamweleza kwa utaratibu kwamba kitu kimoja hakitozwi mara mbili.

"Mwalimu, uende kufundisha kule ku masomo," akanijibu.

Akatia kufuli mlangoni, akabandika karatasi. Maziwa yalikuwa bado ndani.

Siku tatu tulizunguka ofisi kwa ofisi, na kila meza ilitutuma kwenye meza nyingine. Mlango ulipofunguliwa hatimaye, umeme ulikuwa umekwisha kukatika, na harufu ilitupokea kizingitini. Wasichana wale wawili walimwaga kila kitu mtaroni, wakanawa mikono, wakaachishwa kazi. Friji ikauzwa.

Redioni wakubwa hutuambia wanatafuta wawekezaji kutoka ng'ambo. Mwekezaji walikuwa naye, amejifunga kitenge, analipa mishahara miwili, nao wakamfungia mlango! Sidai huruma. Nadai kodi moja, ofisi moja, itozwe baada ya faida kupatikana. Kisha watuondokee, tuuze na kununua kwa amani. Nililolifundisha kuhusu sheria na ulinzi wake sijui nitalirudia darasani kwa uso gani.

Shangazi amerudi uani. Nilipokwenda kununua, alinizuia langoni, akaangalia barabara pande zote mbili.

"Mutoto yangu, maziwa iko. Lakini upitie nyuma, na chupa uifiche mu kikapo."

Nikapita nyuma.