Kinini Inayong'aa Juani

Théophile alikuwa na ugonjwa mmoja usioonekana kwa hadubini: kujisifu. Baada ya uhuru, Wazungu wa famasi walipoondoka na dawa zikaanza kuingia mjini kwa njia za panya, yeye, mpimaji damu wa hospitali hapa Kalemie, alijitwika kazi ya kuumbua kinini bandia, ile dawa ya malaria. Mwanzoni aliutegemea ulimi wake. Kinini ni chungu, basi akaonja na kuonja mpaka hata samaki wa mkewe wakawa wachungu. Walaghai nao si wajinga. Walichanganya unga na majani machungu, wakamwacha analamba midomo tu.

Ndipo akakumbuka alilofundishwa zamani: kinini ya kweli ikiyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo, ukiiweka juani, hutoa mng'ao wa buluu. Asidi aliiomba kwa mafundi wa betri kule reli, akaizimua kwa maji mengi. Akaijaribu kinini ya hospitali palepale, ndani ya chumba, huku nje mvua inamwagika. Haikung'aa. Mtu mwingine angengoja jua. Théophile huyo, mbio mpaka sokoni, akatangaza kwamba kinini ya hospitali ni bandia!

Jua lilipotoka, kichupa kilekile kikang'aa. Akanywea. Tangu hapo akajiwekea sheria: hakuna kupima bila jua, na kila dawa anayoishuku lazima ikae kando ya kinini ya kweli, katika kisanduku kilichopakwa masizi ndani ili mng'ao uonekane vizuri. Sheria nzuri, nani atakataa? Lakini kosa lake alikuwa amelipigia kelele sokoni, na masahihisho akayameza.

Kisha malaria ikamlaza mkewe, Godelieve. Mama yake Godelieve, aitwaye Mama Kapinga, akaja kwa treni kutoka Nyunzu kumuuguza, na kutoka stesheni akapitia sokoni kununua kinini. Sasa, kwa desturi ya ukoo wao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani mpaka mkwe atoe mbuzi wa kuondoa haya. Mbuzi alikuwapo, amefungwa uani. Théophile alikuwa akimwahirisha tangu harusi, eti bado hajanenepa. Basi Mama Kapinga alipoingia mlango wa mbele, mwenye nyumba akatokea wa nyuma, akabaki uani na mbuzi wake.

Homa haikushuka. Godelieve akaanza kuweweseka. Théophile akampa jirani yao Marceline kinini ya hospitali aipeleke ndani, ikarudishwa. Mama Kapinga alisema soko zima linajua ya hospitali ni bandia. Théophile aliona wazi kwamba mdomo wake ungeweza kumuua mke wake, na alimpenda sana.

Akamwomba Marceline amletee kidonge kimoja cha sokoni. Akaweka vichupa viwili ndani ya kisanduku, juani, chini ya dirisha. Kisha akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi," akasema kwa sauti ya kufika dirishani, "hii ya kushoto njo ya hospitali. Ya kuume ni ya soko. Kinini ya kweli inang'aa buluu kwa jua. Muntu mwenye macho aje aangalie."

Sauti ya Mama Kapinga ikatoka ndani, ikimwambia mbuzi amsogeze bwana wake.

Théophile akageukia ukuta. Mama Kapinga akatoka amejifunika kitenge kichwani, akainama, akatazama. Akabadilisha vichupa mahali. Buluu ikahama pamoja na kichupa cha hospitali. Akavirudisha, buluu ikarudi nacho. Kitenge kikaanguka, hakukiokota.

"Mukwe," akasema, kwa mara ya kwanza tangu harusi, "leta ile ya hospitali. Haraka."

Théophile akamjibu mbuzi kwamba anaileta, akatoka mbio.

Godelieve alipona. Mbuzi akachinjwa, amenenepa hajanenepa, nao watatu wakala sahani moja. Kwa furaha Théophile akaanza kukisifu kisanduku chake. Mama Kapinga akamtazama usoni.

"Mukwe, ni nani alisema kule sokoni kinini ya hospitali ni bandia?"

Théophile akageuka kumtafuta mbuzi. Mbuzi alikuwa sahanini.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Nilipima siku ya mvua."

Mama Kapinga akamsogezea kipande cha nyama.

"Basi kula. Kesho utarudi sokoni, useme hivyo hivyo, kwa sauti ile ile."