Kabla Hajafika Mia, Ajue Alipo

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Huwa unanicheka kwamba sipandi lifti, kwamba napanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo huku nahema na mifuko mkononi. Leo nitakwambia sababu, maana juzi ulinitia hofu na wala hukujua.

Nilikuwa mdogo, wa chekechea. Baba yangu, karani wa bandarini, alikuwa akijivunia jambo moja kuliko yote: binti yake anahesabu mpaka mia. Wageni wakija kwetu Msimbazi, kabla hawajapewa hata chai, nasimamishwa juu ya stuli nihesabu. Nikimaliza wanapiga makofi, napewa biskuti. Shuleni nako tuliimba namba kwa sauti moja, mwalimu akigonga ubao. Nilizijua kama wimbo, lakini hazikuhusu kitu chochote.

Mchana nilishinda kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, aliyekuwa na duka la mitumba. Nyuma ya duka palikuwa na stoo, mabelo ya nguo yamepangwa mpaka karibu na dari, na kati yake nafasi nyembamba ambazo mtu mzima hapiti. Mtoto anapita. Siku hiyo nikajipenyeza huko kucheza, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka ilikuwa giza. Makuli walikuwa wameshusha mzigo mpya na kuziba pale nilipopitia.

Nililia. Joto, vumbi kooni, harufu ya nguo za watu nisiowajua. Nikisukuma huku, kitu kizito kinayumba juu yangu. Niliogopa, mwanangu, woga wa mtoto asiyejua hata kuutaja.

Watu wa dukani walinisikia. Baba alikuwa amekuja kunichukua, na sauti yake ndiyo iliyopita zote.

"Chausiku! Uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi? Mbele au nyuma? Uko kati ya yapi?"

"Hapa, Baba! Niko hapa!"

Kuli mmoja akasema, "Mzee, tukivuta belo silo, rundo lote linashuka. Lazima tujue dogo yuko upande gani."

Kisha nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: Baba analia. Nikadhani nimemkosea. Basi nikafanya kile kilichokuwa kikimfurahisha siku zote. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikingoja makofi.

Shangazi alikuwa na sauti ya kuitia wateja, ya kusikika mtaa wa pili. Siku hiyo aliishusha.

"Chausiku, acha kuhesabu. Ni mimi, shangazi yako. Shika kichwa. Umeshika? Huko ndiko juu. Kuna nini huko?"

"Belo. Linagusa nywele."

"Basi liko karibu sana. Sasa shika miguu. Huko ndiko chini. Kuna nini?"

"Kuna baridi."

"Hiyo ni sakafu. Vizuri, mama. Sasa nagonga. Ukisikia mtikisiko, niambie unausikia tumboni au mgongoni."

Akazunguka akigonga. Mwanzoni sikusikia kitu, nikaanza tena kulia. Kisha mgongo ukatikisika.

"Mgongo!"

"Sana au kidogo?"

"Kidogo."

Akasogea, akagonga tena.

"Sana! Sana, Shangazi!"

"Yuko nyuma ya hili, chini kabisa," akawaambia makuli. "Anzeni kutoa ya juu. Polepole. Atakayefanya papara atanijua leo."

Wakayatoa moja moja, na kila lilipoondoka niliona yaliyobaki yataniangukia. Mwishoni mkono wa Baba ndio uliotangulia kuingia.

Jioni ile Shangazi alimweka Baba kitako. "Kaka, hiyo mia yako leo imesaidia nini? Mtoto hajui nyuma, hajui kati, hajui karibu. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, na haihitaji stuli."

Kuanzia hapo Shangazi alinifundisha humo humo kazini, dukani na jikoni. Niletee nyanya ndogo kuliko hii. Weka kanga katikati ya zile mbili. Kipi kizito, kipi chepesi? Nilikosea mno, naye, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi kunicheka.

Sasa juzi ulinionyesha kwenye simu mjukuu wangu Rahma akihesabu kwa Kiingereza, mashangazi zake wote wamemmwagia vile vialama vya makopakopa. Nami nilifurahi. Ulipokwenda kuoga ukatuacha wawili, nikamwambia, "Rahma, niwekee kikombe nyuma ya birika." Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kuhesabu, na alipomaliza akangoja nimpigie makofi. Mwanangu, nilisikia harufu ya yale mabelo.

Simlaumu mwalimu wake, ana watoto wengi. Kazi hii ni yako. Ukikunja nguo, mwulize ipi ndefu, ipi fupi. Ukipakua wali, aseme nani kapata mwingi na nani kidogo. Mkienda sokoni, akuonyeshe fungu kubwa na fungu dogo. Mtume alete kilicho chini ya meza, kati ya viti, karibu na mlango. Akikosea, mguse kichwa, mguse mgongo, aanzie kwenye mwili wake mwenyewe. Namba aendelee nazo, tena zitapata kitu cha kuhesabu. Ila usingoje siku ya hatari ndipo umfundishe. Mimi nilifundishwa gizani, na giza lile bado ninalo.

Mungu amlinde Rahma mbele yake na nyuma yake, juu yake na chini yake, kulia kwake na kushoto kwake. Na siku mtakayomwita kwa hofu, "Uko wapi?", awe na neno la kuwajibu. Amina, mwanangu.