Damu ya Mabinti wa Mzee Abeid

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, Bagamoyo, Mganga Mkuu alinionyesha darubini akasema, "Hapa kila mtu huanza na kinyesi. Damu baadaye." Nikaanza nacho, na pua yangu ikazoea.

Miaka ya sabini nilihudumu chini ya Daktari wa Mishipa ya Fahamu kutoka Dar. Alifuatilia maradhi ambamo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikaziba pale neva inapoamuru msuli. Asubuhi mgonjwa mzima. Jioni kope zinaanguka, chakula hakimezeki. Daktari aliamini kuna alama katika damu, za kurithi kwa baba na mama, zinazowafanya wengine wapatwe upesi zaidi, na kwamba alama hizo hutofautiana kabila kwa kabila. Kwa hiyo nilimtoa kila mgonjwa damu, nikauliza asili ya babu na bibi zake wote.

Swali hilo kaulize bara! Mji wetu mkongwe humtaja baba. Bibi aliyeletwa na msafara wa watumwa hatajwi.

Mzee Abeid, muuza vitambaa, alimleta bintiye Zuhura. Vidonge vya daktari vilimrudishia nguvu, akala wali mbele yetu.

"Shikamoo, mzee. Bibi mzaa baba wa Zuhura, yaani mama yako, kwao wapi?"

"Marahaba. Sisi Washihiri, Waarabu, mwanangu. Andika hivyo."

"Ana ndugu mwenye dalili hizi?"

"Hana."

Alikuwa naye. Mdogo wake, Rukia, alifichwa kwa shangazi yake, kijiji cha Zinga, maana mabinti wawili wenye maradhi ya kurithi wangewafanya watu wauchimbe ukoo. Zuhura alipotuambia, tulikwenda mbio. Rukia alikuwa amekwisha kupaliwa na uji, amefariki. Vidonge vyake nilikuwa navyo mfukoni. Nililia kwa hasira.

Nimestaafu. Vijana huniuliza damu zile zilisema nini. Kwetu hazikusema kitu. Wagonjwa walikuwa wachache mno. Kidonge kilikuwa kilekile kwa kila kabila, hata bila swali langu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku matanga ya Rukia yalipoanuliwa, Mzee Abeid alikuja maabara. Nilimpa kiti, akakataa.

"Mama yangu alikuwa Mmanyema," alisema. "Baba alimnunua hapahapa mjini."

Akakunja mkono wa kanzu, akaninyooshea.

"Sasa chukua."